Kisu cha Kwanza Kiwe cha Samaki

Hotuba kwa wapenda kazi za mikono, Mombasa

Wazee wetu, mama zetu, ndugu na vijana mliojaa mpaka mlangoni, assalamu alaykum, na nyote hamjambo.

Hapa mezani tumeweka vitu sita: panga kuukuu lililoliwa na kutu, jani moja la springi ya lori, tupa butu, vipande viwili vya chuma vilivyovunjwa kwa nyundo, na kisu cha samaki chenye mpini wa mwarobaini. Jambia halipo, wala sime. Tunajua baadhi ya vijana wamekuja na picha za majambia kwenye simu zao, na picha ni nzuri, lakini jambia limepinda, lina makali pande mbili na uti katikati, kwa hiyo kila kosa la mkono huonekana mara mbili. Kisu cha samaki kina makali upande mmoja na mgongo ulionyooka. Tena kina hakimu asiyebembelezeka: mpishi mwenye haraka, aliyeshika changu wa kilo mbili. Kikikata, kesho atakiulizia. Kisipokata, kitaishia kufungulia mikebe.

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Hawakusema mwenye kisu kinene, wala chenye mpini wa kung'aa. Mwanagenzi hukosea hapo hapo: miezi mitatu anahangaika na mpini, na dakika tatu za motoni anazipitisha vivi hivi. Sisi leo tutakaa zaidi motoni.

Mji huu na chuma hawakujuana jana. Mwanajiografia Al-Idrisi, aliyemaliza kazi yake mwaka 1154, aliitaja Mombasa kuwa mji mdogo ambao watu wake walichimba chuma na kuwinda chui. Machimbo hatuna tena, na chui wenyewe ndio hao, lakini chuma kimejaa. Gereji za Changamwe na Jomvu hazikosi rundo la springi zilizovunjika, na mashamba ya Kisauni hayakosi panga lililochoka. Kazi ni kujua kipi kinafaa na kipi kitakupotezea wiki.

Kinachofanya chuma kikaze ni kaboni. Vyuma vya dirisha, mabomba na flati za kawaida za hadiwea vina kaboni isiyofika asilimia 0.25, na hata ukivitia motoni mara mia havikazi. Nondo za ujenzi hubadilika-badilika, usizitegemee. Kisu kinataka asilimia 0.5 kwenda juu, na afadhali 0.6 hadi 1.0. Springi nyingi za lori ni za jamii ya 5160 ya Marekani au SUP9 ya Japani: kaboni kati ya asilimia 0.52 na 0.64, na kromi kidogo isiyofika asilimia 1, inayosaidia chuma kukaza ndani ya mafuta bila kupasuka. Tupa nzuri za zamani hupita asilimia 1 ya kaboni, lakini za bei rahisi huenda zimekazwa ngozi tu, na ndani ni chuma laini. Panga lina kaboni ya wastani, na kila kiwanda na kipimo chake.

Kwa kisu cha kwanza chukueni panga. Tayari ni jembamba, milimita 2 hadi 3, na ugumu wake unaruhusu tupa kulila. Jani la springi ya lori huwa na milimita 6, 8, hata zaidi, na hilo lazima lifuliwe kwa nyundo kwanza. Springi iliyovunjika, jueni vilevile, imevunjika kwa kuchoka: mara nyingi pana nyufa nyingine zisizoonekana karibu na ule mvunjiko. Kata sentimita 10 kila upande wa mahali ilipovunjika, utupe.

Jina la chuma msiliamini mpaka mkijaribu. Jaribio la kwanza ni cheche. Gusisha chuma kwenye grainda mahali penye kivuli. Chuma laini hutoa cheche ndefu, nyoofu, zenye matawi machache. Chuma chenye kaboni nyingi hutoa cheche fupi zinazopasuka-pasuka kama fataki karibu na jiwe. Hilo hukupa dokezo tu. Ushahidi huja na jaribio la pili: kata kipande cha sentimita 5, kipashe moto mpaka sumaku isikishike, ongeza kidogo, kizamishe ndani ya mafuta yenye uvuguvugu. Kikipoa pitisha tupa. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, kimekaza. Sasa kibane kwenye jiliwa, kile kibanio cha meza ya fundi, kifunike na kitambaa, vaa miwani, kivunje kwa nyundo na utazame ndani.

Pitisheni hivi vipande viwili mkono kwa mkono. Vyote vimetoka katika jani moja la springi, vyote vilitelezesha tupa. Cha kwanza ndani yake ni kijivu, laini, kama majivu yaliyochekechwa. Cha pili kinametameta kama chembe za sukari. Hicho cha pili kilipashwa moto kupita kiasi, mpaka rangi ya machungwa iliyoiva, na punje zake, zile chembe ndogo zinazounda chuma, zikakua. Kisu cha chuma hicho kitanoleka, na siku ya kwanza kitakata nyanya vizuri. Kikigonga mfupa wa nguru, makali yatameguka. Mtu atalaumu chuma, kumbe ni moto.

Kabla hatujafika huko kwenye moto, tuchonge umbo. Chora kisu kwenye karatasi ngumu ya boksi, ukate, ukishike mkononi. Vipimo vinavyofaa kwa jiko letu ni kengee, yaani bapa lenye makali, ya sentimita 15, upana wa sentimita 3 karibu na mpini, na msuka, yaani mkia wa chuma unaoshikwa na mpini, wa sentimita 11 wenye upana wa sentimita 2 hivi, uende mpaka mwisho wa mpini. Msuka mwembamba wa kuchomeka ndani ya mti unapendeza, lakini unataka shimo lililonyooka sawasawa, na mwanagenzi hulipata kombo. Pale kengee inapokutana na msuka usikate pembe kali ya mraba. Chuma kinapokazwa hupasukia kwenye pembe kama hiyo, kwa hiyo izungushe kwa tupa ya duara, nusu kipenyo cha milimita 3 au zaidi.

Katika kukata kwa grainda tumieni diski nyembamba ya milimita 1, mkibaki milimita 2 nje ya mstari. Diski hupotoka, na kwenye sehemu iliyopinda haitaki kulazimishwa. Hapo kata vijimkato vingi vifupi, kisha vunja vipande kimoja kimoja. Kinga ya grainda isitolewe. Kuna mafundi huitoa ili waone vizuri. Diski ya milimita 1 ikibanwa hupasuka, na vigae vyake havichagui jicho la fundi wala la mtoto aliyesimama mlangoni. Zilizobaki ni kazi ya tupa.

Toboa matundu matatu ya misumari kwenye msuka sasa hivi, kabla ya kukaza, maana baadaye biti itazunguka bure na kuungua. Fimbo za kuchomelea za shaba ya manjano za milimita 3.2 zinauzwa, na zinafaa kabisa kuwa misumari. Piga alama kwa kitindio, tia tone la mafuta, zungusha drili polepole. Kisha lainisha ukingo wa kila tundu kwa biti pana zaidi.

Sasa makali. Paka ukingo wa kisu wino wa kalamu nene. Laza kisu juu ya kioo, chukua biti ya drili yenye unene ule ule wa chuma chako, ilaze kando yake, kisha vuta ncha yake kwenye ukingo. Itakwaruza mstari katikati. Geuza kisu, rudia. Mistari miwili ikikaribiana bila kuoana, kati yake ndipo katikati penyewe. Anza kupiga tupa upande mmoja, hesabu mapigo, upande wa pili hesabu hiyo hiyo. Ukifanya upande mmoja mpaka umalize ndipo ugeuze, mstari wa makali utatambaa kama nyoka, na hakuna dawa ila kupunguza upana wa kisu.

Msiyamalize makali kabla ya moto. Acheni ukingo wa milimita 0.7 hivi, unene wa kadi ya benki. Ukingo mwembamba kuliko huo hujikunja kama jani la mgomba unapoingia kwenye mafuta, na huunguza kaboni yake kabla mgongo haujaiva. Ukimaliza kupiga tupa, piga msasa namba 120 kwa urefu wa kisu mpaka mikwaruzo yote ya kukingama iondoke. Mikwaruzo hiyo ni njia za nyufa.

Waliochagua springi wana kazi zaidi, na tutaipitia kwa haraka. Chuma hufuliwa kikiwa na rangi ya machungwa, na nyundo husimama rangi ikishuka kuwa nyekundu iliyofifia. Ukigonga chini ya hapo unakipasua. Kikianza kurusha cheche kikiwa ndani ya moto, kimeungua, na sehemu hiyo haiponi, kata utupe. Fuawe, lile chuma zito la kufulia juu yake, ya duka ni ghali, lakini kichwa cha nyundo kubwa kilichozamishwa kwenye gogo kinatosha kwa kisu. Kipande cha reli hufanya fuawe nzuri, ila mji huu ndipo reli ilipoanzia mwaka 1896, na reli bado ni mali ya umma. Ukiletewa kipande na mtu wa vyuma chakavu, achana naye. Baada ya kufua, loweka chuma ndani ya siki usiku mmoja ili magamba meusi yatoke, vinginevyo yatakumalizia tupa. Kisha suuza kwa maji yenye magadi.

Tujenge jiko la moto. Kisu cha sentimita 15 hakitaki tanuri kubwa. Dramu ya breki ya lori, bomba la chuma la inchi moja na nusu linaloingia kwa chini, na kipulizio cha mkono au kikaushia nywele kilichopunguzwa nguvu. Paka ndani udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga, uache ukauke siku kadhaa. Wengi hapa nyumbani kwao pana matofali ya mawe ya matumbawe. Msiyatumie. Wazee wetu walikuwa wakiyachoma matumbawe hayo hayo kupata chokaa, na ndivyo yatakavyofanya katika jiko lenu: yatageuka chokaa na kubomoka, na yale yenye unyevu yatapasuka na kurusha vigae. Saruji mbichi nayo vivyo hivyo.

Kwa makaa, pwani tumebarikiwa. Makaa ya vifuu vya nazi yanawaka kwa joto kali na moshi mdogo. Yaponde yawe na ukubwa wa ndimu kwenda chini, yarundike sentimita 12 hadi 15 juu ya tundu la hewa. Hewa inapoingia tu, chini kabisa, kuna oksijeni nyingi inayokula chuma na kutoa magamba. Kisu kikae juu ya hapo, katikati ya makaa mekundu, mgongo ukiwa chini na makali juu, kwa sababu makali ni membamba na huiva upesi. Kisu kisogezwe mbele na nyuma muda wote. Hewa iwe kidogo: ukisikia moto unanguruma, umezidisha.

Kamwe msitie motoni chuma kilichopakwa zinki, kile cha mabati kinachong'aa. Moshi wake mweupe huleta homa na kubana kifua. Vyuma vya rangi za zamani navyo huweza kuwa na risasi. Kwangueni nje, upepo ukiwa nyuma yenu, barakoa usoni.

Hapa tulipofika ndipo palipo na kisu chenyewe, kwa hiyo mtuvumilie tukienda taratibu.

Chuma kilichofuliwa, kukatwa na kugongwa kina mkazo ndani yake na punje zisizolingana. Kabla ya kukikaza hupashwa moto mara tatu na kuachwa kipoe hewani, si kwenye maji wala mafuta, mahali pasipo na upepo. Mara ya kwanza moto upite kidogo ule wa sumaku, mara ya pili upungue, ya tatu uwe pale pale sumaku inapokiachia. Kila mara subiri weusi urudi na sumaku ikishike tena. Punje husagika zikawa ndogo. Nusu saa tu, na wengi huiruka, kisha wanashangaa visu vyao vinapinda kwenye mafuta.

Joto la kukaza ni lipi? Sumaku huachia chuma kwenye nyuzijoto 770 hivi za Selsiasi. Hapo bado hujafika. Chuma cha springi kinataka kati ya 830 na 845, panga karibu na hapo. Bila kipimajoto mtafanyaje? Kuna chumvi. Chumvi ya jikoni, hii hii ya Gongoni, huyeyuka kwa nyuzijoto 801. Weka punje chache kwenye kipande cha chuma cha majaribio, si kwenye kisu chenyewe, ukipashe polepole. Ikiyeyuka na kung'aa kama maji, tazama rangi ya chuma na uikumbuke. Unayoitaka ni rangi hiyo na ziada kidogo tu. Rudia mara tano, sita, mpaka jicho lizoee.

Na kazi hii haifanyiki mchana. Kwenye jua la saa saba chuma cha nyuzijoto 850 huonekana cheusi chenye wekundu wa mbali, mtu huongeza moto, na akidhani kimeiva kimeshapita 950. Kile kipande cha sukari mlichokishika ndivyo kilivyopatikana. Ngojeni Magharibi, au fanyieni ndani ya banda lenye giza na mlango wa hewa.

Mafuta ya kuzamishia ni ya kupikia: alizeti, mahindi, hata nazi. Uzuri wa pwani ni kwamba mafuta ya nazi, ambayo huganda chini ya nyuzijoto 24 hivi, kwetu karibu muda wote ni maji. Yapashe mpaka 50 au 60. Mafuta ya vuguvugu ni mepesi, hushika chuma kote kwa haraka, wakati yaliyopoa ni mazito na hupoza polepole zaidi. Lita 4 au 5 zitoshe, kwenye mkebe mrefu wa chuma wenye kifuniko chake. Ndoo ya plastiki haifai hata kwa mzaha. Mafuta yaliyotumika ya injini mtaambiwa ni bora. Yamejaa masizi, vumbi la metali na kemikali, na moshi wake utauvuta wewe, tena kwa ajili ya kisu cha jikoni. Maji nayo hupoza kwa kasi mno: chuma cha springi kikiingizwa humo, hulia ting, na huo ufa hauzibiki.

Kisu kikifikia rangi sawasawa kutoka kwenye ncha mpaka mwanzo wa msuka, kikae hapo dakika mbili hivi bila kupanda, kisha kitoke motoni na kuingia kwenye mafuta ndani ya sekunde moja. Mkebe uwe hatua moja kutoka kwenye moto, usiwe ng'ambo ya ua. Kizamishe wima, ncha kwanza, na ukisogeze kama unayekata, kuelekea makali na kurudi kuelekea mgongo. Ukikipepea ubavuni, upande mmoja hupoa kabla ya mwingine na kisu hupinda. Hesabu mpaka kumi na tano, kitoe, tazama mgongo wake kama unavyotazama ubao. Kama kimepinda, una muda mfupi sana, dakika moja au pungufu, wa kukinyoosha kwa glavu nene au kati ya mbao mbili kwenye jiliwa. Kikishapoa kikawa sawa na mkono, usikiguse: sasa ni kioo, kikianguka sakafuni kinaweza kuvunjika.

Mafuta yakishika moto, funika mkebe kwa kifuniko na urudi nyuma. Ndoo ya mchanga iwe karibu. Maji yasimwagwe juu ya mafuta yanayowaka, hata kidogo.

Piga tupa. Mapigo mawili ya kwanza yanaweza kula kidogo, kwa kuwa ngozi ya juu imepoteza kaboni motoni, kisha tupa iteleze. Isipoteleza kabisa, sababu ni tatu: moto haukufika, ulichelewa njiani kwenda kwenye mafuta, au chuma hakifai. Kama ulifanya lile jaribio la kipande, hiyo ya tatu imeshafutika.

Kisu kigumu hivi hakitumiki, lazima kilegezwe, na isipite saa moja. Oveni ya nyumbani inatosha, kwa ridhaa ya mwenye jiko. Osha mafuta yote kwanza, vinginevyo keki ya Ijumaa itanuka. Nyuzijoto 200, saa mbili, kitoe kipoe, kirudishe saa mbili nyingine. Kisu kizikwe kwenye sinia ya mchanga mkavu, kwa sababu oveni hupanda na kushuka na nyaya zake huchoma sehemu nyembamba. Tia kipimajoto cha oveni humo, namba za kitufe zisikudanganye. Chuma kilichosuguliwa kikang'aa kitageuka rangi ya nyasi kavu. Kahawia iliyoiva ni kama 240, na buluu, karibu 300, ni kisu kilichopoteza makali yake. Kwa kisu cha jikoni nyasi kavu inatosha.

Kuanzia hapo hadi mwisho chuma kisipate moto tena. Kupunguza ukingo kutoka unene wa kadi ya benki mpaka unene wa karatasi mbili za kuandikia zilizolalana, milimita 0.2 hivi, ndiko kunakofanya kisu kikate. Ukitumia mashine, vidole viwe wazi na maji kando: kikichoma kidole, kizamishe. Buluu ikitokea ukingoni hata sehemu ndogo, hapo pamelegea, na kinoo hakitaparekebisha. Wengi huogopa wembamba huu, wakabaki na kisu cha milimita 0.6 kinachopasua karoti badala ya kuikata.

Mpini. Wachongaji wa Changamwe huwa na masalio ya mpingo, muhugu na mwarobaini. Mpingo ni mzito hata huzama majini, haunywi maji, lakini una mafuta ya asili yanayokataa gundi: ufute kwa thina kabla ya kubandika, na vumbi lake huwasha ngozi na mapafu, barakoa ni lazima. Mwarobaini ni mwepesi kuchonga na unapatikana kila mtaa, ila ukikatwa juzi utapasuka mwezi ujao. Ubao uliopasuliwa huachwa ukauke kivulini, kwa kanuni ya wachongaji mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, ncha zake zimepakwa nta. Mwembe ni laini mno kwa kisu cha samaki. Pembe ya ng'ombe kutoka machinjioni ni halali na inapendeza. Pembe ya ndovu na gamba la ng'amba ni kosa la jinai kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, hata kama ni za babu.

Vibao viwili vya milimita 8 hadi 10, gundi ya epoksi ya mirija miwili, misumari mitatu ya shaba. Kwaruza msuka kwa msasa namba 60, ufute, usiuguse tena kwa vidole. Joto letu hufupisha muda wa gundi: ile iliyoandikwa dakika tano huganda kabla hujapanga vibano, nunueni ya dakika thelathini au zaidi. Vibano viishike kwa wastani. Ukikaza mno gundi yote hutoka, na baada ya mwaka maji ya samaki yataingia kati ya mti na chuma. Mbele, upande wa kengee, maliza kulainisha vibao kabla ya kubandika, kwa sababu baadaye hapafikiki bila kukwaruza chuma. Siku nzima ipite ndipo uchonge. Mafuta ya kitani yanafaa kupaka mti, ila kitambaa ulichopakia kitandazwe nje kikauke. Kikikunjwa na kutupwa pembeni hujipasha chenyewe na huweza kuwaka.

Noeni kwa kinoo namba 400, kisha 1000, na mkitaka 3000, pembe ya nyuzi 15 kila upande. Noeni mpaka kijivimbe chembamba kiote upande wa pili kwa urefu wote, ndipo mgeuze. Kisha jaribio la mwisho: egemeza makali kwenye fimbo ya shaba, kandamiza kidogo, uvute. Ukingo ujikunje na kurudi. Ukibaki umejikunja ni laini. Ukimeguka, chuma ni kigumu mno au punje zimekua. Kigumu mno kirudi kwenye oveni kwa 215. Cha punje kubwa kirudi motoni, na hiyo maana yake ni kuvunja mpini. Kwa hiyo jaribuni kabla ya kuubandika.

Kuhusu kutu, hapa hatuna ujanja. Chuma hiki hakina kromi ya kutosha kujikinga, na upepo wa Kusi hubeba chumvi mpaka ndani ya kabati. Kisu kilichopigwa msasa kikaachwa usiku bila mafuta asubuhi kina madoa mekundu. Baada ya matumizi kioshwe, kikaushwe, kipakwe tone la mafuta ya nazi. Kikikata ndimu na maembe kitapata weusi wa kijivu, na huo msiusugue, unasaidia. Ala ya ngozi ni ya kubebea, si ya kuhifadhia: hunyonya unyevu, na ngozi iliyolainishwa kwa chumvi za kromi hula chuma. Mkikipeleka kwa shangazi ng'ambo ya Likoni, kifungeni ndani ya boksi chini ya mkoba, na mseme mapema kwenye ukaguzi kwamba mna kisu cha jikoni.

Adhana ya Magharibi imekaribia. Baada ya sala tukutane uani, vifuu vimeshapangwa kwenye dramu. Tutakaza visu viwili, na mmoja wenu atashika sumaku. Mwenye shati la nailoni avue au akae nyuma ya kamba, na wenye ndara vivyo hivyo. Kina mama wenye buibui, tumewawekea viti upande wa juu wa upepo. Vile vipande viwili virudisheni mezani, tafadhali, tutavihitaji kulinganisha na kile tutakachovunja.